Mteja wa Jumanne, Saa Tisa

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalimpata dada yangu, ndugu wa toka nitoke, katika nyumba ya vyumba vitatu tuliyoachiwa na wazazi wetu, na mengi niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, mchana, jua likiwaka.

Dada alikuwa msusi. Chumba cha mbele kilichotazama barabara alikifanya saluni: kiti kimoja cha kwake, kigoda kifupi cha mteja mbele ya kiti, benchi la wanaosubiri, kioo chenye ufa pembeni, na sufuria ya maji ya moto ya kuchovya ncha za rasta ili zisifumuke. Mteja huketi kigodani kati ya magoti yake, naye huanza kazi. Watu walimwita Mama Pole. Hakuwa na mtoto, lakini neno hilo lilikuwa haliishi mdomoni mwake. Ukijikwaa, pole. Ukikohoa, pole. Siku moja aliubamiza mlango kwa bahati mbaya akauambia pole mlango wenyewe, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Ila ukweli wake haukuwa wa kuchekesha. Dada alizaliwa na ngozi nyembamba, na sisemi hii ya mwili. Tulipokuwa shule, mwalimu akimchapa mwenzake, yeye ndiye aliyelia. Alipokuwa mkubwa alipata kazi ya usafi hospitali, akaiacha siku ya tatu. Alirudi nyumbani akichechemea wala hakuwa ameanguka popote. Wodi aliyopangiwa ilikuwa ya waliovunjika miguu.

Katika ususi mambo yalikuwa hivyo hivyo. Akishaingiza vidole katika nywele za mtu, yaliyomo ndani ya mtu yule humpanda mikononi. Hakuomba yamjie. Yalimjia tu, kama harufu ya chakula cha jirani inavyoingia dirishani. Aliweza kumjua mwenye mimba kabla mwenyewe hajajijua, na mwenye kufukuzwa kazi kabla barua haijafika. Wateja walimpenda. Walisema wakitoka kwake vichwa huwa vyepesi. Hawakujiuliza uzito ule umehamia wapi.

Mimi nilijua ulikohamia. Baada ya kichwa cha tatu dada alifunga mlango, akalala chali kwenye sakafu ya saruji, kitambaa kibichi machoni, mpaka jua lipoe. Vichwa vitatu kwa siku, hakuzidisha. Ndoa yake ilidumu miaka miwili. Mumewe hakuwa mtu mbaya. Siku aliyoondoka aliniambia, amesimama na sanduku lake, kwamba kuishi na dada yangu ni kama kuishi na mtu anayekufungulia barua zako kabla hujazisoma.

Nami niliyebaki naye nilijifunza kujificha. Nilikuwa karani katika ofisi ya shule. Nikirudi na huzuni nilipitia mlango wa nyuma, nikanawa uso, nikaimba kidogo jikoni, ndipo nikamsalimu. Nywele zangu nilizikata fupi nikamwambia dada kwamba mkuu wa shule ndivyo anavyotaka, ili mikono yake isipate sababu ya kunigusa kichwa. Hakuwahi kuniuliza. Alinionea huruma nami nikamwonea huruma, mpaka tukawa kama wapangaji wawili wanaokutana bombani.

Basi ikaja Jumanne moja, siku ya kawaida kabisa. Niliporudi kazini nilimkuta dada jikoni anakaanga vitunguu, anaimba. Nilishangaa, kwa sababu saa ile huwa sakafuni.

Akanieleza kwamba saa tisa kamili aliingia mwanamke asiyemjua, gauni la kijivu, umri wa makamo, uso wa mtu unayeweza kukutana naye mara kumi usimkumbuke. Hakusalimu. Aliketi kigodani, akafungua kitambaa cha kichwa, akasema maneno mawili tu: "Suka tu." Dada akatia vidole, akajikaza kama alivyojikaza kwa kila mtu. Hakukuja kitu.

"Hakuna," aliniambia, na mwiko umesimama hewani. "Nimetafuta, hakuna. Kama kuingia nyumba iliyohamwa ikafagiwa. Mdogo wangu, nimesuka saa nzima sikuumwa popote. Nililia kwa raha."

Nilifurahi kwa ajili yake. Nasema ukweli, nilifurahi.

Mwanamke yule akarudi Jumanne iliyofuata, na nyingine, na nyingine, saa tisa ile ile. Kila alipokuja nywele zilikuwa zimefumuka zote, timutimu, kama hazijawahi kusukwa. Dada hakujali. Aliosha mikono, akachana, akaanza upya. Tulimpa jina la Bi Kimya, maana la kwake hakulisema. Dada aliniambia nywele zake zilikuwa baridi hata jua la saa tisa lilipozipiga, na kwamba hazikuwa na harufu. Wala ya mafuta, wala ya moshi, wala ya jasho. Aliyasema hayo kama mtu anayesifia kitambaa kizuri.

Mwezi wa kwanza dada alinawiri. Alikula akashiba. Alilala. Alikwenda sokoni Jumamosi, katikati ya msongamano ambao zamani ungemrudisha nyumbani na homa, akarudi na kapu limejaa na vichekesho vya wauza ndizi. Akaanza kusuka vichwa vinne kwa siku, kisha sita. Nilidhani amepona. Nilidhani kumbe ni ugonjwa, na dawa yake ilikuwa saa moja ya kupumzika kwa wiki.

Wa kwanza kulalamika alikuwa muuguzi mmoja, mteja wake wa miaka mingi. Alinikuta njiani akaniambia kwamba siku hizi anatoka kwa dada na kichwa kile kile alichoingia nacho. Nikamuuliza kwa mzaha, kwani alitaka atoke na cha nani. Hakucheka.

Kisha mama mmoja akaja kumchukua binti yake aliyekuwa anasukwa, akakuta mtoto analia kimya kimya na damu imemchirizika nyuma ya sikio. Ncha ya kitana ilikuwa imemchana. Dada aliendelea kusuka. Alipoulizwa, alitazama ile damu kama mtu anayetazama mvua ya mtaa wa pili.

Hakusema pole.

Ng'ambo ya barabara, barazani kwa duka lililofungwa, alikaa fundi viatu tuliyemwita Mzee Gundi. Alikuwa rafiki wa baba yetu. Mwenyewe alivaa viatu vilivyopasuka, na ukimtania alijibu kwamba mganga hajigangi. Mke wake aliugua mwezi ule, akafariki. Tulikwenda kumpa rambirambi, dada na mimi. Watu walikuwa wamejaa chumbani, wengine wanalia, na mzee ameketi mkekani mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Zamani dada angehitaji kubebwa kutoka chumba kile. Safari hii alitafuna karanga. Mzee Gundi alipomtazama, kwa sababu alimjua tangu mtoto na nadhani alikuwa anamsubiri yeye kuliko wote, dada alimwambia, "Watu hufa, mzee."

Akanyanyuka akapangusa maganda ya karanga kwenye gauni. Yakaanguka mkekani.

Wiki ile ile nilimkuta saluni akichovya rasta za mteja katika maji yanayochemka. Ncha huchovywa, mkono hubaki juu. Yeye alikuwa amezamisha mkono wa kushoto mpaka kwenye kifundo. Mvuke ulikuwa unampanda usoni. Nilimvuta. Ngozi ilibaki imening'inia vidoleni mwangu kama glavu, naye akanitazama, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kwa nini napiga kelele.

Nilimfunga mkono bandeji. Nilimwambia dada kwamba yule mwanamke asije tena. Hakukasirika, na laiti angekasirika.

"Unataka nirudi sakafuni?" aliniuliza. "Miaka arobaini na moja nimebeba vya watu. Nimevitua. Unataka niviokote?"

Nilikuwa nimemwona sakafuni. Nikaenda zangu chumbani, na usiku kucha nilijiuliza kama ninayemtaka ni dada yangu mzima au dada yangu anayeumia, na mtu anayetaka ndugu yake aumie ni mtu wa namna gani.

Asubuhi nilipotoka kwenda kazini Mzee Gundi aliniita. Nilivuka barabara nikaanza kumwomba radhi kwa yale ya msibani. Akanizuia kwa mkono. Alizungumza akiwa ameinamia soli, hanitazami.

Alisema yeye humjua mtu kwa viatu. Anayejivuta hula kisigino, mwenye haraka hula ncha. Mwanamke wa Jumanne amempita mara nyingi, na soli za viatu vyake hazijaliwa popote. Ni mpya, kama vilitoka kwenye boksi vikavaliwa hapo mlangoni. Lakini hilo, alisema, siyo linalomnyima usingizi.

"Alipoanza kuja alikuwa mkavu," alisema. "Jumanne iliyopita alipotoka, mtoto alianguka na baiskeli hapo mbele. Yule mama alilia. Alilia kweli, ameshika goti lake mwenyewe. Dada yako alikuwa mlangoni, anachokoa meno."

Akapiga msumari mmoja. Akasema wapo majirani wanaosema dada amerogwa na wasusi wa mtaa wa chini waliomwonea wivu. Yeye hajui uchawi. Anajua tu kwamba kitu kikihama hapa, kinahamia pale.

Jumanne iliyofuata niliomba ruhusa nikabaki nyumbani. Nilijidai naumwa, nikajifungia chumba cha pili. Ukuta wetu ulikuwa wa mbao, na sauti zilipenya. Saa tisa nilisikia kigoda kikiburuzwa. Nilisikia kitana. Muda ukapita. Kisha nikapiga chafya.

"Pole," ilisema sauti ya dada yangu.

Moyo wangu ukatulia. Miezi miwili sijalisikia neno hilo. Niliinuka kwa furaha, nikachungulia kwenye ufa wa mbao.

Dada alikuwa kitini anasuka, mdomo umejaa pini za nywele. Midomo imefumba. Bi Kimya, kigodani, alikuwa amegeuza uso kuelekea kwenye ufa. Alikuwa ananitazama jicho kwa jicho.

"Pole, mdogo wangu," alisema tena. Kwa sauti ile ile.

Niliketi sakafuni. Sikumbuki kuketi. Nilikaa pale mpaka nikasikia mlango wa mbele umefungwa, na nilipotoka dada alikuwa anafagia chini ya kigoda. Hapakuwa na unywele hata mmoja wa kufagia.

Wiki iliyofuata sikulala vizuri na sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Niliyezoea kumficha mambo ndiye niliyekuwa naye. Usiku nilimsikia dada akipumua chumbani kwake, pumzi ndefu, sawasawa, hazipungui wala haziongezeki. Nilikuwa sijawahi kuwa peke yangu kiasi kile nikiwa na mtu nyumbani.

Jumanne niliyoihofia, mkuu wa shule alituweka ofisini kwa ajili ya fomu za mitihani. Niliomba, nikakataliwa. Niliponyoka saa tisa na robo bila ruhusa. Nilikwenda mbio. Barabara yetu ilikuwa tulivu, jua limetulia juu ya mabati. Mzee Gundi alikuwa amesimama. Huwa hasimami. Nyundo mkononi, anautazama mlango wetu.

Nikaingia.

Walikuwa wamebadilishana.

Bi Kimya alikuwa kwenye kiti cha dada. Dada alikuwa kigodani, kati ya magoti yake, ameinamisha kichwa. Vidole vya yule mwanamke vilikuwa vinatembea katika nywele za dada haraka, laini, kwa ufundi ambao nilikuwa nimeuona kwa mtu mmoja tu maishani. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha. Na kila mstari ulipokazwa, bega la dada lilishuka kidogo. Kama gunia linalovuja.

Bi Kimya alikuwa analia. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Uso ule usiokumbukika sasa ulikuwa na kila kitu. Ulikuwa uso mzuri. Ulikuwa uso wa mtu ambaye ungependa akukumbatie.

"Umekuja mbio," alisema kwa sauti ya dada yangu. "Bega limekuuma wiki nzima, na hukusema. Pole."

Sikuweza kusogea.

"Angekuwa na miaka saba mwezi huu," alisema.

Nikashika fremu ya mlango.

Inanipasa nieleze. Miaka saba kabla ya hapo nilikuwa nimeajiriwa katika mji mwingine, mbali. Nilipata mimba huko. Mwanamume aliondoka. Nilijifungua mtoto wa kike, akaishi siku kumi na moja. Nilimzika mimi na mchimba kaburi, watu wawili tu. Kisha nikarudi nyumbani, nikakata nywele, nikaanza kupita mlango wa nyuma. Hakuna aliyejua. Niliogopa kwamba dada akilipokea lile litamuua. Basi nikalibeba, na kulibeba kukanifanya niwe mbali na watu wote, na mbali zaidi na yeye.

"Kaa hapa," alisema Bi Kimya. Alipapasa sakafu pembeni mwake kwa mguu. "Nikimaliza huyu nikusuke wewe. Nitaubeba mzigo wote. Hutasikia tena kitu."

Alisema kwa upole. Hiyo ndiyo sehemu inayonitisha hadi leo. Hapakuwa na ukali wowote. Na mimi nilitaka. Mungu anisamehe, nilipiga hatua. Nilipiga ya pili. Nilikuwa nimechoka, na kwa miaka saba hapakuwa na mtu aliyemtaja mwanangu.

Hatua ya tatu ilinileta mbele ya dada. Nikaona uso wake.

Macho yalikuwa wazi. Nzi alikuwa ametua kwenye jicho la kulia. Juu ya jicho lenyewe. Anatembea. Dada hakupepesa.

Nilipiga magoti. Nikaishika mikono yake yote miwili, mzima na ule wa bandeji, nikaiweka juu ya kichwa changu. Ilikuwa baridi. Ilikuwa mizito kama mikono ya mtu aliyelala. Nikaikandamiza kwenye nywele zangu fupi na kwa mara ya kwanza tangu nirudi sikujikaza.

"Dada, nilizaa," nilinong'ona. "Wa kike. Aliishi siku kumi na moja. Nilikuficha."

Hakuna.

"Alikuwa na vidole virefu kama vyako. Usiku wa mwisho alinishika kidole gumba. Nilijua anakwenda, na nilikutaka wewe. Nilikutaka wewe, dada, na sikukuita."

Nikaacha kusema. Nikaacha yaje. Nililia kama sikuwahi kulia mbele ya mtu, paji la uso kwenye magoti yake. Juu yangu niliisikia pumzi ya yule mwanamke ikibadilika. Ikawa ya haraka.

"Nipe mimi," alisema. "Huyo atavunjika. Nipe."

Nikakandamiza mikono ya dada zaidi.

"Nipe."

Kidole kimoja kilitikisika.

Kisha cha pili. Kisha vidole vyote vikajikunja katika nywele zangu, vikanishika kwa nguvu mpaka ngozi ya kichwa ikaniuma, na dada yangu akafungua kinywa akatoa mlio ambao sijausikia tena na siombi kuusikia. Mzee Gundi aliusikia ng'ambo, akavuka mbio akaja kusimama mlangoni. Wauza mkaa waliusikia mtaa wa pili. Alilia kwa ajili ya mwanangu. Akalia kwa ajili ya mkono wake uliokuwa umeungua wiki mbili zilizopita na ndio kwanza ukauma. Akamlilia yule binti wa kitana, na mke wa Mzee Gundi, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaosukumana mlangoni.

Nilipoinua kichwa, uso wa Bi Kimya ulikuwa unakauka. Machozi hayakufutwa, yalirudi. Niliyaona yakipanda. Kidevu, shavu, jicho. Kisha uso ukabaki mtupu kama sahani iliyooshwa. Aliinuka, akafunga kitambaa chake kichwani, akapita katikati ya Mzee Gundi na fremu ya mlango, mahali ambapo mzee mwenyewe aliapa baadaye kwamba hata paka asingepita.

Alipofika barabarani alisita. Kwenye kope ya jicho la kushoto lilikuwa limebaki chozi moja. Akaligusa kwa kidole, akalitazama, akalitia mdomoni. Akaenda.

Dada aliugua siku tisa. Ya kumi aliniomba nimshike mkono avuke barabara, akaketi barazani kwa Mzee Gundi, akamshika mkono, wakalia pamoja wawili wale katikati ya viatu vya watu. Mzee alimwambia amechelewa. Dada akasema anajua.

Hakupona ule wembamba wa ngozi, na aliacha kuutafutia dawa. Alijifunza kuishi nao, polepole, na mimi nikajifunza pamoja naye. Vichwa viwili kwa siku badala ya vitatu. Baina ya kimoja na cha pili hutoka uani, hunawa mikono kwa maji baridi, na husema kwa sauti jambo lipi ni la nani: hili la muuguzi, hili la mama wa watoto pacha, hili langu. Lake hulibakiza. Mengine huyaacha yaende na maji. Alhamisi hafungui. Hutembea peke yake asubuhi, njia isiyo na watu, na akirudi ana uso wa mtu aliyelala. Yapo ambayo bado humshinda, na siku hizo hulala sakafuni kama zamani, ila sasa mimi hulala pembeni yake. Saruji ni baridi. Tunatazama dari.

Kila jioni mimi hukaa kigodani, dada akanikanda kichwa, nami humsimulia siku yangu yote, mbaya na nzuri, bila kuimba jikoni kwanza. Upweke haukuisha, nisidanganye. Mtu wa namna yake hubaki na chumba kimoja ndani yake ambacho hakuna wa kukaa naye humo. Lakini anajua nipo nje ya mlango.

Mwaka ulipogeuka aliniambia anataka kumwona mtoto. Tukafunga safari, siku nzima ndani ya basi, hadi mji ule. Sikuwa nimerudi tangu nimzike. Nilitegemea kichaka. Nilitegemea nisilione kaburi kabisa, maana niliweka jiwe tu, halina jina.

Mchimba kaburi alikuwa yule yule, amezeeka. Hakunikumbuka mimi. Alimtazama dada kwa muda, akatikisa kichwa, akasema samahani, amemfananisha. Akatuongoza. Alisema kaburi lile halimpi kazi, kwa sababu kuna mwanamke hulihudumia. Huja mchana. Hukaa sana. Hulia kama mama mzazi, alisema, akafuta jasho.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu mwaka jana.

Jiwe lilikuwa safi. Nyasi juu ya kaburi zilikuwa zimeota ndefu, za kijani, na hazikufyekwa. Zilikuwa zimesukwa. Mistari myembamba, iliyonyooka, imekazwa tangu kichwani kwenda miguuni, mtindo ule wa kurudi nyuma ambao wasusi huuita twende kilioni. Ncha za kila mstari zilikuwa zimelainika, kama zilizochovywa.

Dada alipiga magoti. Alinyoosha mkono, ule wenye kovu, akagusa mstari wa kwanza.

"Ni nini?" nilimuuliza.

"Mpweke," alisema dada. "Hajui aliweke wapi lile chozi."

Nilihesabu mistari. Sita ilikuwa imekamilika. Wa saba uliishia katikati, na nyasi zake zilikuwa bado zinafumuka taratibu, moja moja, kana kwamba mtu ameziachia sasa hivi.